Beji Imeandikwa Dodge, Gari Limetoka Japani

Maneno yaliyosemwa mbele ya Waswahili waishio Columbus, Ohio, na kuandikwa baadaye kwa ajili ya wale ambao hawakufika

Wazee wetu, shikamooni. Wenzangu wa rika, habari za mchana. Vijana, marahaba, naitikia mapema kabla hamjasahau kunisalimu.

Mwenyekiti ameniomba niseme machache kuhusu magari, maana wengi wenu mnanifahamu kutoka kaunta ya spea. Pale kaunta husikia kauli mbili tangu asubuhi hadi jioni. Wa kwanza anasema, "Kaka, mimi nataka gari la Kimarekani tu, haya ya nje sitaki." Wa pili anasema, "Mimi la Kimarekani hata la bure sichukui, nipe la Kijapani." Wote wawili wanasoma beji iliyo kwenye boneti, na wote wawili nimewahi kuwauzia spea zilizotoka kiwanda kimoja. Leo nataka niwaeleze imekuwaje.

Tuanze na gari mnalolijua. Mgeni mmoja kutoka Dar aliiona Geo Tracker kuukuu imeegeshwa karibu na duka letu. Akaizunguka, akachungulia chini, akanitazama kama mtu anayetaniwa. "Hii si Escudo hii?" Ndiyo, ni Escudo. Ile ile Suzuki mnayoijua kule nyumbani kwa jina la Escudo au Vitara. General Motors waliiuza hapa kwa jina la Geo, baadaye Chevrolet. Mwanzoni nyingine zilikuja kwa meli kutoka Japani, halafu zikawa zinatengenezwa Ingersoll, jimbo la Ontario huko Kanada, katika kiwanda ambacho GM na Suzuki walikimiliki kwa ubia. Mgeni yule alilitambua gari kwa umbo la milango na mkao wa tairi la akiba kwa nyuma, wala hakuhangaika na maandishi. Ndivyo fundi anavyotazama gari.

Sasa, kwa nini kampuni kubwa kama hizi, zenye viwanda vinavyofunika mitaa mizima, zikaagiza magari ya watu wengine na kuyabandika majina yao? Jibu fupi ni kwamba Detroit, yaani kampuni kubwa za magari za Marekani, hawakupenda gari dogo. Gari kubwa lina faida kubwa. Gari dogo linatumia karibu saa zile zile za kazi kulitengeneza, lakini mteja analipa kidogo. Kwa hiyo kila mahitaji ya gari dogo yalipopanda, njia rahisi ilikuwa kulitafuta kwa mwenzio aliyezoea kulitengeneza. Nash walifanya hivyo tangu miaka ya 1950: kile kigari chao Metropolitan kilibuniwa kwa ajili ya mnunuzi wa Marekani, lakini kiliundwa na Austin kule Longbridge, Uingereza. Buick waliuza Opel za Ujerumani katika maduka yao. Hayo yalikuwa madogo. Mchezo wenyewe ulianza miaka ya 1970.

Chrysler ndio waliocheza kwa bidii kuliko wote. Mwaka 1971 walinunua asilimia 15 ya Mitsubishi Motors, na wakati huo tayari maduka yao ya Dodge yalikuwa yameanza kupokea gari dogo liitwalo Colt. Colt ilikuwa Mitsubishi kuanzia bampa hadi bampa. Iliuzwa hapa kwa zaidi ya miaka 20, umbo likibadilika kila Mitsubishi walipobadilisha la kwao, mpaka ikaondolewa katikati ya miaka ya 1990. Chrysler walikuwa na duka jingine la Plymouth, nalo likapewa Mitsubishi zake: Arrow, Champ, Sapporo. Angalau Sapporo hawakuficha, jina lenyewe ni la mji wa Japani.

Lakini kilichowauma mashabiki ni Challenger. Wazee waliokuwapo hapa wanakumbuka Dodge Challenger ya mwaka 1970, gari la injini ya silinda nane linalonguruma mpaka dirisha la jirani linatikisika. Likasimamishwa mwaka 1974. Mwaka 1978 jina hilo hilo likarudi, likiwa limebandikwa kwenye Mitsubishi Galant Lambda yenye silinda nne. Gari lenyewe halikuwa baya hata kidogo. Lilikuwa zuri, lenye kiti cha kustarehesha na injini tulivu. Ila mtu aliyeahidiwa simba akakabidhiwa paka hasifu manyoya.

Na hapa kuna jambo la siasa ambalo linanikera mpaka leo. Miaka ile Chrysler ilikaribia kufilisika, serikali ikaidhamini mikopo ya dola bilioni 1.5, na mkurugenzi wake Lee Iacocca akawa mtu wa televisheni, akilalamika kwa sauti kubwa kwamba Wajapani wanacheza rafu kibiashara. Maneno hayo yakitoka, maduka yake yalikuwa yamejaa Colt. Hata Dodge Caravan, lile gari la familia alilojivunia, ungeweza kulinunua likiwa na injini ya Mitsubishi ya lita 2.6. Mimi simlaumu mfanyabiashara kwa kununua kitu kizuri kwa jirani. Namlaumu kwa kumtukana jirani huyo huyo mbele ya watoto.

Maana maneno yale yalifika mitaani. Juni 1982, katika Highland Park, mji mdogo uliozungukwa na Detroit, Vincent Chin, kijana Mmarekani mwenye asili ya Kichina, alipigwa kwa gongo la besiboli na watu wawili, baba na mwanawe wa kambo. Alifariki siku nne baadaye. Baba yule alikuwa msimamizi katika kiwanda cha Chrysler. Shahidi alisema ugomvi ulipoanza alisikia maneno ya kumlaumu Chin kwa watu kukosa kazi. Hawakufungwa hata siku moja kwa hukumu ile ya kwanza: waliachiwa chini ya uangalizi na kutozwa faini ya dola 3,000 kila mmoja. Chin hakuwa Mjapani wala hakuuza gari. Aliyekuwa akiingiza magari ya Kijapani kwa maelfu ni mwajiri wa yule aliyempiga.

Samahani, nimewanyamazisha. Niwape cha kucheka.

Mbio za Indianapolis 500 kila mwaka huwa na gari la heshima linaloongoza msafara kabla ya kuachia mashindano. Ni tangazo kubwa. Kila kampuni inalitaka. Mwaka 1991 nafasi hiyo ilitolewa kwa Dodge, nao wakachagua gari lao jipya la kasi, Dodge Stealth. Tatizo ni kwamba Stealth ilikuwa ndugu pacha wa Mitsubishi 3000GT na ilitoka kiwanda cha Mitsubishi huko Japani. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kikaja juu: gari la Japani liongoze mbio za Indiana? Dodge wakarudi nyuma. Wakaleta Viper, ambayo wakati huo ilikuwa bado ya majaribio, haijafika hata dukani, wakamkabidhi Carroll Shelby usukani. Mbio zikafanyika, watu wakapiga makofi, na Jumatatu yake ukienda duka la Dodge kuulizia gari la kasi, uliyoikuta pale ni Stealth.

Sasa tuje kwenye pikapu, na hapa naomba mniache nikae kidogo, maana ndipo penye utamu. Mnaamini kwamba umbo la pikapu unazoziona Marekani leo liliamuliwa na kuku?

Baada ya vita kuu, wafugaji wa Marekani walianza kufuga kuku kama kiwanda kinavyotoa sabuni. Bei ikaanguka, nyama ikajaa Ulaya. Wafugaji wa Ujerumani Magharibi na Ufaransa wakalia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ulaya ikapandisha ushuru wa kuku wa Marekani. Mazungumzo yakashindikana. Desemba 1963, Rais Lyndon Johnson, akiwa na siku chache tu madarakani, akatia saini jibu: ushuru wa asilimia 25 kwa wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori madogo. Malori yaliyolengwa yalikuwa ya Volkswagen. Wanga na brandi zikasamehewa baadaye. Malori hayajasamehewa mpaka leo. Gari la abiria lilibaki na ushuru wa asilimia 2.5 kwa miongo mingi, huku pikapu ikilipa mara kumi yake.

Basi Ford na GM, ambao ushuru huo uliwakinga na washindani, wakawa wa kwanza kuuzunguka. Mwaka 1972 Ford walileta pikapu ndogo iitwayo Courier, iliyoundwa na Mazda. Mwaka huo huo Chevrolet wakaleta LUV, iliyoundwa na Isuzu, kampuni ambayo GM walikuwa wameshanunua zaidi ya theluthi moja ya hisa zake. Ziliingiaje bila asilimia 25? Zilipanda meli zikiwa kabini na chesisi tu, bila bodi ya nyuma. Kwa mujibu wa vitabu vya forodha, kitu kisicho na bodi si lori kamili, kwa hiyo kilitozwa asilimia 4. Kikifika nchi kavu, bodi inafungwa kwa boliti, lori linakamilika, kazi imekwisha. Hiyo iliendelea hadi mwaka 1980, forodha ilipoziba tundu.

Ndugu zangu wa Kenya, Isuzu ile mnaijua vizuri. LUV ni ndugu wa zile pikapu za Isuzu KB zilizobeba maziwa na sukumawiki kwenye barabara zenu. Na kwenu mambo yalikwenda kinyume: kiwanda cha Nairobi kilikuwa na jina la General Motors tangu miaka ya 1970, lakini gari lililotoka mlangoni liliandikwa Isuzu waziwazi, na hakuna aliyeona aibu. Mwaka 2017 Isuzu wakanunua hisa za GM na kiwanda kikabadili jina kuwa Isuzu East Africa. Kampuni zile zile mbili, ujuzi ule ule: huku wakaficha Isuzu nyuma ya jina la Chevrolet, kule wakaficha General Motors nyuma ya jina la Isuzu. Kila mahali waliweka mbele jina ambalo mnunuzi wa hapo analiamini.

Tundu lilipozibwa, Ford wakajenga Ranger na Chevrolet wakajenga S-10, hapa hapa Marekani. Wanaoutetea ushuru huo wanasema, mnaona, umeleta ajira. Ni kweli uliileta. Lakini pia uliwaondolea Detroit mshindani katika biashara ya malori kwa miaka 60, na mtu asiye na mshindani hunenepa. Tazameni pikapu za leo zilivyo ndefu, halafu mkumbuke Courier ilikuwa na ukubwa gani.

Mkidhani ujanja uliishia 1980, hamuwajui Ford. Kuanzia mwaka 2009 walileta hapa Transit Connect, gari la mizigo la kubebea vifaa vya mafundi wa umeme na wauza maua. Liliundwa Uturuki. Likija kama gari la mizigo, ni asilimia 25. Kwa hiyo kila moja lilipakiwa melini likiwa na viti vya nyuma, mikanda na madirisha, gari la abiria halali, asilimia 2.5. Likishashuka bandari ya Baltimore na kupita forodha, linasogezwa kwenye banda, mafundi wanang'oa viti vile, wanaondoa vioo vya nyuma na kuweka bati. Viti vipya kabisa, visivyowahi kukaliwa na mtu, vinapelekwa kusagwa. Chuma kando, sponji kando. Fikirini yule fundi wa Uturuki aliyeshona kiti kile kwa uangalifu, mshono umenyooka, asijue kwamba safari yake inaishia kwenye mashine.

Forodha wakasema mwaka 2013, hapana, huu ni mchezo. Kesi ikapanda mahakama hadi mahakama. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikawaunga mkono forodha, na mwaka 2024 Ford wakakubali kulipa dola milioni 365 kumaliza shauri.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Niharakishe.

Mwaka 1981 Japani, ikibanwa na Washington, ilikubali kujiwekea kikomo cha kuuza Marekani magari milioni 1.68 kwa mwaka. Lengo lilikuwa kuwapa Detroit nafasi ya kupumua. Bei zikapanda. Wajapani, wakiwa na idadi ndogo ya kuuza, wakaanza kuleta magari ya bei ghali zaidi, na wengine wakaja kujenga viwanda hapa. Honda walianza kuunda Accord mwaka 1982 pale Marysville, ambapo baadhi yenu mmetoka zamu usiku wa kuamkia leo. Na GM je? GM walikuwa na hisa Isuzu na Suzuki, na wakataka kuuza magari yao kwa jina la Chevrolet: Spectrum kutoka Isuzu, Sprint kutoka Suzuki. Kikomo kile kikawabana wao wenyewe! Kilipofika wakati wa kujadili kama kiendelezwe, Ford na Chrysler walisema kiendelee, GM wakasema kiondolewe. Mtu akikuambia "viwanda vya Marekani vinataka" jambo fulani, muulize ni kiwanda gani.

Wakati huo huo Korea nayo ikaingia. Pontiac LeMans ya mwisho wa miaka ya 1980 ilichorwa Ujerumani na Opel, ikaundwa Korea na Daewoo, ikauzwa Marekani kwa jina la mji wa Ufaransa. Nilizifahamu zilipokuwa zimezeeka, na ukweli ni kwamba hazikuzeeka kwa heshima. Ford Festiva ya wakati ule ule, iliyochorwa na Mazda na kuundwa na Kia, ilikuwa ngumu kama jiwe. Nchi moja, zama moja, magari mawili, tofauti ya mbingu na ardhi. Kwa hiyo usiniambie "la Korea" au "la Japani" ukadhani umemaliza.

Na kuna upande wa pili wa shilingi ambao ulinufaisha watu wenye akili. Kule Fremont, California, GM na Toyota walikuwa na kiwanda cha ubia kilichofunguliwa mwaka 1984. Kwenye mstari mmoja, wafanyakazi wale wale walitoa Toyota Corolla na Geo Prizm. Ndani ni kitu kimoja. Lakini sokoni, Prizm iliyotumika iliuzwa kwa bei ya chini kuliko Corolla, kwa sababu ya beji tu. Mafundi waliojua walinunua Prizm kimya kimya, na spea wakachukua za Corolla. Kiwanda hicho hicho kilitoa Pontiac Vibe, na toleo lake la usukani wa kulia likapelekwa Japani kwa jina la Toyota Voltz. Voltz zikaisha muda wake kule, zikapakiwa kama mtumba, nyingine zikashuka Mombasa na Dar. Kuna mtu sasa hivi anaendesha "Mjapani" wake akijisifu, kumbe lilizaliwa California.

Leo je? Chevrolet Trax mnayoiona kila mahali inatoka Korea, na Buick Encore GX vilevile. Buick Envision imeletwa kutoka Uchina tangu mwaka 2016. Lincoln Nautilus, tangu toleo la 2024, inaundwa Hangzhou. Lincoln, jamani, gari walilopanda marais. Na tangu Aprili 2025, ushuru mpya wa asilimia 25 kwa magari kutoka nje uliwekwa, kisha nchi moja moja zikaanza kujadili punguzo, kwa hiyo bei dukani inategemea bandari lilikotoka gari kuliko jina lililo kwenye boneti.

Basi mkienda kununua, fanyeni hivi. Simama upande wa dereva, tazama kupitia kioo cha mbele, chini kwenye kona ya dashibodi. Pale pana kibao chenye namba ya chesisi, herufi na tarakimu 17. Alama ya kwanza inakueleza nchi lilikounganishwa: 1, 4 au 5 ni Marekani, 2 ni Kanada, 3 ni Meksiko, J Japani, K Korea, L Uchina, W Ujerumani. Kama gari ni jipya, kwenye dirisha kuna karatasi inayotakiwa na sheria ya mwaka 1992. Inataja mji lilikounganishwa, nchi ilikotoka injini, ilikotoka giaboksi, na asilimia ya vipuri vya Marekani na Kanada. Angalizo: nchi hizo mbili zimejumlishwa pamoja, na asilimia hiyo ni ya aina nzima ya gari, si ya hilo moja ulilosimama mbele yake. Muuzaji hataeleza hayo. Soma mwenyewe.

Dada mmoja hapa mbele ameinua mkono kabla sijamaliza, anauliza kama aogope kununua Envision kwa kuwa ni ya Uchina. Dada yangu, mimi nisingeogopa nchi. Ningeuliza mambo mawili: spea zake zinapatikana Ohio au zinasubiri meli, na ushuru umepandisha bei ya taa na bampa kiasi gani, maana hizo ndizo zinazogongwa kwenye maegesho. Pata bei ya taa moja ya mbele kabla ya kusaini chochote. Kuna taa za magari ya kawaida kabisa siku hizi zinazozidi kodi ya nyumba ya mwezi.

Na wewe kijana uliyenitumia ujumbe jana ukiomba pampu ya maji ya "Chevrolet nyeupe", njoo Jumatatu. Picha ya gari usilete, ninayo tayari na haijanisaidia. Piga picha ile namba ya kwenye dashibodi. Tunafungua saa mbili asubuhi.